Ujira mdogo au fao la kukosa ajira: tupige hesabu kabla ya kuhukumu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaoendelea kuhusu watu wanaopokea fao la kukosa ajira huku wakikataa kazi zenye ujira mdogo. Wasomaji kadhaa wameandika kwa ukali, na mmoja wao alifunga hoja yake kwa methali kwamba mchagua jembe si mkulima, kana kwamba methali ikishatajwa hakuna la kuongeza. Mimi naona yapo mengi ya kuongeza. Msimamo wangu, na niuseme mapema ili msomaji asihangaike kuutafuta, ni kwamba kazi ya ujira mdogo mara nyingi inafaa kupokelewa, lakini kinachowafanya watu wengi wasite si udogo wa ujira wenyewe. Kinachowafanya wasite ni namna fao linavyokatwa kwa mkupuo mara tu mtu anapoanza kazi, na namna anavyopata taabu kulirudia kazi hiyo inapokwisha.

Nianze na fao lenyewe, kwa kuwa wapo wanaolizungumzia kama sadaka. Bima ya kukosa ajira iliyoanzishwa Uingereza kwa sheria ya mwaka 1911 iligharimiwa kwa michango ya mfanyakazi, mwajiri na serikali. Ilihusu sekta chache tu, zikiwamo za ujenzi na uundaji wa meli, na ililipa shilingi 7 kwa wiki kwa muda usiozidi wiki 15. Ujerumani iliweka bima yake mwaka 1927. Mwaka 1952 Shirika la Kazi Duniani, kupitia Mkataba Na. 102, lililitaja fao hili kuwa mojawapo ya matawi tisa ya hifadhi ya jamii. Kwa hiyo, pale ambapo fao linatokana na michango, mtu aliyekatwa mshahara kwa miaka akiwa kazini, kisha akapunguzwa kazi na kuanza kulipwa, haombi; anadai kilicho chake kwa masharti aliyoyakuta. Tukumbuke pia kwamba kwa takwimu za Shirika hilohilo, kati ya watu watano wasio na ajira duniani, hafiki hata mmoja anayepata malipo ya namna hii. Walio wengi hawajawahi kupata fursa ya kuchagua kati ya ujira mdogo na fao. Wao huchagua kati ya ujira mdogo na njaa, na jibu lao linajulikana.

Hoja ya kwamba anayesaidiwa hapaswi kuwa na hali nzuri kuliko anayefanya kazi si ngeni. Sheria ya maskini ya Uingereza ya mwaka 1834 iliifanya kuwa msingi wake: hali ya mtu anayepokea msaada ilitakiwa iwe duni kuliko ya kibarua wa chini kabisa, na ndiyo maana wenye shida walipelekwa katika nyumba za kazi zilizoendeshwa kwa makusudi ya kuwakatisha watu tamaa wasiziendee. Waliotunga sheria ile walikuwa na hakika kwamba tatizo ni ukubwa wa msaada. Hawakujiuliza kama kibarua wa chini kabisa alikuwa akilipwa ujira wa kumwezesha kuishi. Ninaposoma barua za wasomaji wenzangu naona kosa hilo linarudiwa: tunalinganisha fao na mshahara kama namba mbili zilizoandikwa ubaoni, halafu tunamshangaa mtu anayeukataa mshahara unaoonekana kuwa mkubwa zaidi.

Sasa tuzipige hesabu hizo kama anavyozipiga mhusika mezani kwake. Tuchukue mzazi mmoja mwenye mtoto mdogo, ambaye kwa mwezi anapokea fao la 70, ikiwa ni pamoja na msaada wa pango. Anaitwa kwenye kazi yenye mshahara wa 100. Kwa mtazamaji wa nje, anaongezewa 30 na anayekataa nyongeza hiyo ni mvivu. Lakini katika 100 hiyo, kodi na michango ya hifadhi ya jamii inachukua, tuseme, 12, na kinachomfikia mkononi ni 88. Nauli ya kwenda na kurudi ni 10. Malezi ya mtoto, kwa kuwa sasa hayupo nyumbani mchana, ni 12. Amebakiwa na 66. Kama sheria ya mahali alipo inasema kwamba fao linasitishwa lote siku anapoanza kazi, mtu huyu atafanya kazi kwa saa kama 160 kwa mwezi na kuishia na pungufu ya 4 kuliko alizokuwa nazo alipokuwa hana kazi. Hapo sijahesabu nguo za kazini, wala siku ambayo mtoto ataugua na mzazi akakatwa ujira wa siku hiyo. Namba hizi ni za mfano tu, na kila msomaji anaweza kuzibadilisha zilingane na hali anayoijua, lakini mpangilio wake hautabadilika sana kwa mtu yeyote mwenye mtoto na mwendo mrefu wa kwenda kazini.

Tubadilishe kitu kimoja tu katika mfano huo. Tuseme sheria haisitishi fao lote, bali inalipunguza kwa 55 kwa kila 100 ya pato linalomfikia mkononi. Mzazi wetu anapata 88, fao linapungua kwa takriban 48, anabakiwa na 22 ya fao, na jumla yake ni 110. Toa nauli na malezi, inabaki 88. Mtu yuleyule, kwa mshahara uleule wa mwajiri yuleyule, sasa amepata 18 zaidi ya alizokuwa akipata alipokuwa nyumbani. Ujira haukuongezeka hata kidogo. Kilichobadilika ni kasi ya kulikata fao.

Kiwango hicho cha 55 sikukibuni. Uingereza, katika mfumo wake wa mafao unaoitwa Universal Credit ulioanza mwaka 2013, ilianza kwa kukata senti 65 katika kila pauni, ikashuka hadi 63 mwaka 2017, na mwishoni mwa 2021 ikafika 55. Katika mfumo uliotangulia, mtu asiye na mwenza aliyepata kibarua cha saa chache aliruhusiwa kubaki na pauni 5 kwa wiki, na kila pauni iliyozidi hapo ilikatwa yote kwenye posho yake. Ni nani kati yetu angeamka alfajiri kwa mpango huo? Tajiri akitakiwa kulipa kodi ya asilimia mia moja kwa pato lake la ziada, hakuna mhariri wa kurasa za uchumi atakayemwita mvivu akiamua kutolifanyia kazi pato hilo. Atasema kodi inaua ari ya uwekezaji. Maskini akikutana na mkato uleule huambiwa amekosa maadili.

Hata hivyo, nisije nikaonekana nasema kwamba kila kitu ni hesabu. Finland ilifanya jaribio kuanzia mwaka 2017 hadi 2018, ambapo watu 2,000 wasio na ajira walichaguliwa kwa bahati nasibu na kulipwa euro 560 kwa mwezi bila kukatwa chochote hata walipopata kazi. Kama hesabu ingekuwa ndiyo kila kitu, watu hao wangekimbilia kazini kwa wingi. Hawakukimbilia: katika mwaka wa pili walifanya kazi siku chache tu zaidi ya wenzao walioachwa katika mfumo wa kawaida, ingawa walieleza kuwa na utulivu zaidi wa akili na kuwa na imani zaidi na taasisi. Upande wa pili, Marekani ilipoongeza dola 600 kwa wiki kwenye fao wakati wa janga la korona, kuanzia Machi hadi mwisho wa Julai 2020, wengi walijikuta wakilipwa zaidi ya mishahara waliyoipoteza, na kukatolewa utabiri kwamba hakuna atakayerudi kazini. Wachumi waliofuatilia suala hilo walikuta kwamba kasi ya kurudi kazini ilipungua kidogo tu, pungufu sana ya ilivyohofiwa. Mifano hii miwili inaonyesha kwamba mtu hatoki nyumbani wala habaki nyumbani kwa sababu ya fedha peke yake. Kuna afya yake, kuna ujuzi wake, kuna kama kazi ipo, na kuna jambo moja ambalo naliona limepuuzwa kabisa katika mjadala wetu.

Jambo hilo ni hofu ya kesho. Kazi nyingi za ujira mdogo ni kazi zisizo na uhakika: mkataba wa mwezi, zamu zinazotangazwa usiku kwa ajili ya asubuhi, saa 30 wiki hii na saa 8 wiki ijayo. Anayepokea fao anajua siku ambayo fedha zake zitaingia na anajua ni kiasi gani. Anayeacha fao kwa ajili ya kibarua cha namna hiyo anabadilisha kidogo cha uhakika kwa kikubwa kidogo cha kubahatisha, na kibarua kikikatika baada ya wiki tatu anarudi mwanzo wa foleni. Katika mfumo uleule wa Universal Credit wa Uingereza, mwombaji husubiri wiki tano hivi kabla ya malipo ya kwanza. Mtu asiye na akiba hawezi kusubiri wiki tano; atakopa, na deni hilo litamla hata baada ya fao kurudi.

Linalouma zaidi ni lile la kuacha kazi mwenyewe. Karibu kila mfumo wa bima ya kukosa ajira humwadhibu anayeacha kazi kwa hiari yake. Ujerumani, kwa mfano, anayeacha kazi bila sababu nzito anaweza kunyimwa fao kwa muda wa hadi wiki 12. Sipingi kuwapo kwa kanuni hiyo, kwa sababu bila hiyo bima ingefilisika. Ila tazama inavyomfanya mtu anayefikiria kupokea kazi asiyoijua vizuri. Akiikataa mapema, pengine atapewa onyo au adhabu ndogo kuliko hiyo. Akiikubali, akagundua kwamba msimamizi ni mtukanaji na ujira unacheleweshwa, hawezi kuondoka bila kuadhibiwa. Kwa maneno mengine, tunamwambia jaribu, kisha tunalifunga geti nyuma yake. Mtu mwenye busara katika hali hiyo hajaribu. Ujerumani hiyohiyo ina kanuni nyingine ambayo ningependa iigwe kwingine: aliyebakiwa na siku za fao alizochangia anaweza kuzirudia baadaye akipoteza kazi tena, alimradi haijapita miaka 4 tangu haki yake ilipoanza. Yaani kuanza kazi hakufuti akiba yake, kunaisimamisha tu. Kama nchi yoyote ingeongeza juu ya hapo kipindi kifupi cha majaribio, ambapo mfanyakazi anayeacha kazi mpya ndani ya wiki za mwanzo harudishwi nyuma wala haadhibiwi, naamini tungewaona wengi wanaoitwa wavivu wakijaribu kazi mbili tatu hadi wapate inayowafaa.

Baada ya kusema hayo yote, kwa nini bado nasema kwamba kazi ya ujira mdogo mara nyingi inafaa kupokelewa? Nimewahi kukaa upande wa waajiri kwenye usaili, na ninajua swali linaloulizwa wakati mwombaji ameshatoka na mlango umefungwa. Mtu huufunua wasifu, huweka kidole kati ya tarehe mbili, na kuuliza, "Na hapa katikati alikuwa wapi?" Hakuna anayesema kwamba mwombaji hafai, wanasema tu kwamba tuendelee na anayefuata. Watafiti nchini Marekani waliwahi kutuma maelfu ya maombi ya kazi ya kubuni, yanayofanana isipokuwa kwa muda ambao mwombaji amekaa bila kazi, na wakakuta kwamba uwezekano wa kuitwa kwenye usaili unapungua kadiri miezi inavyoongezeka, hasa katika miezi minane ya mwanzo. Huo ni uonevu, na sioni kwa nini mtu aliyepunguzwa kazi kwa sababu ya kufungwa kwa kiwanda adhaniwe kuwa na kasoro. Lakini mtu anayeamua leo kuhusu kazi ya kesho hawezi kusubiri hadi waajiri watubu. Kazi ndogo iliyo katika fani yake au inayopakana nayo humwokoa na lile swali la kidole kati ya tarehe mbili.

Liko pia suala la muda wenyewe. Kijiji cha Marienthal nchini Austria kilitegemea kiwanda kimoja cha nguo, na kiwanda hicho kilipofungwa kati ya 1929 na 1930, karibu kijiji kizima kilibaki bila ajira. Watafiti walifika hapo muda mfupi baadaye. Wengi wetu tungetarajia kwamba watu wenye muda mwingi wangesoma zaidi, wangekutana zaidi na kushughulika zaidi na mambo ya siasa. Watafiti hao walikuta kinyume chake. Idadi ya vitabu vilivyoazimwa katika maktaba ya wafanyakazi ilishuka sana ingawa ada ya kuazima ilikuwa imeondolewa. Walisimama wakiwatazama watu wanavyopita katika barabara ya kijiji, wakapima mwendo wao kwa saa, na wakaona kwamba wanaume walikuwa wakitembea polepole kuliko wanawake na kusimamasimama njiani bila sababu, kwani wanawake walikuwa bado na kazi za nyumbani za kuwahi. Nilipolisoma jambo hilo kwa mara ya kwanza nililifikiria kwa muda mrefu, kwa sababu linaonyesha kitu ambacho kiwango cha fao, hata kingekuwa kizuri namna gani, hakikirudishi. Wapo wanaoweza kujipangia siku yao wenyewe bila kazi, na wapo wanaolea watoto au kuuguza wazazi, ambao siku zao zimejaa kupita za wenye ajira. Wengine wengi hawawezi, na kwao hata kazi ya nusu siku ina faida isiyoonekana kwenye hati ya mshahara.

Hata hivyo, si kila kazi. Hapa ndipo ninapotofautiana na msomaji wa methali ya jembe. Mkataba Na. 168 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unasema fao linaweza kukataliwa kwa mtu anayekataa kazi inayomfaa, na katika kupima kama kazi inamfaa, unataka yatazamwe umri wake, muda aliotumikia fani yake ya awali, uzoefu wake, muda aliokaa bila kazi, hali ya soko la ajira, hali yake binafsi na ya familia yake, na kama nafasi hiyo imetokana na mgogoro wa kazi unaoendelea. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana: asiye na ajira asigeuzwe fimbo ya kuwapigia waliogoma. Nalo la muda lina mantiki yake. Fundi umeme mwenye uzoefu wa miaka 15 aliyepoteza kazi mwezi uliopita anapaswa kupewa nafasi ya kutafuta kazi ya umeme. Kumlazimisha apakie maboksi katika zamu ya usiku kunampotezea yeye ujuzi na kunaipotezea jamii fundi, kwa sababu anayelala mchana hawezi kuhudhuria usaili. Fundi huyohuyo akikaa mwaka mzima bila kupata kitu, mizani imebadilika, na sioni ubaya wa kumwambia apanue utafutaji wake. Kwa hiyo, kwa anayeniuliza, ningemshauri atazame saa za kazi kabla ya kutazama ujira. Kazi ya ujira mdogo inayomwachia muda wa kutafuta nyingine ni daraja; inayomaliza nguvu zote za siku ni shimo, hata kama inalipa zaidi kidogo.

Nijibu pingamizi moja ambalo najua litakuja, nalo ni la haki. Tukiwaruhusu watu wabaki na sehemu ya fao huku wakifanya kazi, je, hatuwasaidii waajiri wanaolipa vibaya? Mwaka 1795 mahakimu wa Berkshire, Uingereza, waliamua kuongezea ujira wa vibarua wa mashamba kwa kufuata bei ya mkate, na walioupinga utaratibu huo walilalamika kwamba wenye mashamba hawakuwa tena na sababu ya kupandisha ujira, kwani parokia, ambayo wakati huo ndiyo iliyogharimia msaada wa maskini wa eneo lake, ingelipa kilichopungua. Wanahistoria bado wanabishania ukubwa wa athari hiyo, lakini hatari yenyewe ipo, na dawa yake ni kima cha chini cha mshahara kinachosimamiwa kwa dhati, kikienda sambamba na nyongeza hizo. Uingereza iliweka kima cha taifa mwaka 1999, na Ujerumani mwaka 2015 kwa euro 8.50 kwa saa, kukiwa na makelele kwamba ajira zingefutika kwa mamia ya maelfu. Hazikufutika hivyo. Nyongeza bila kima cha chini humnufaisha mwajiri, na kima cha chini bila nyongeza kinamwacha nyuma yule mzazi wa mfano wangu, kwa sababu mshahara haujui kama mtu ana mtoto.

Nina ombi moja kwa wenye mamlaka, nalo halihitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Leo mtu anaitwa kwenye ofisi ya mafao, anaambiwa kuna kazi, na anatakiwa ajibu kabla ya siku fulani, lakini hapewi maandishi yoyote yanayomwonyesha atabakiwa na kiasi gani mwishoni mwa mwezi, ni msaada upi utakoma na upi utaendelea, na kazi ikikatika baada ya wiki sita atarudi vipi na lini. Anakwenda kuwauliza majirani, ambao kila mmoja ana jibu lake, na jibu la kutisha ndilo linalokumbukwa. Ofisi inayoweza kukokotoa fao la mtu hadi senti ya mwisho haishindwi kumkokotolea na hayo mengine, na karatasi hiyo inapaswa kuwa mkononi mwake kabla ya tarehe ya kumjibu mwajiri.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi